Kopo la Themostati

Nyasi za uani zilikuwa bado nyeupe kwa umande ulioganda, asubuhi ya Julai katika mtaa wa Yeoville, Johannesburg, wakati mtu mmoja wa Dar es Salaam alipofungua boneti ya Toyota Tazz yake. Tangu alinunue gari hilo mkononi mwa mtu, mshale wa joto haukuwahi kufika katikati, hita ilipuliza ubaridi, na petroli ya kazi zake za usiku ilikwisha upesi. Alifungua boliti mbili za kifuniko cha themostati ili aitoe ya zamani. Hapakuwa na kitu. Fundi fulani alikwisha kuing'oa.

Aliitambua kazi hiyo. Baba yake, fundi wa Gerezani, alikuwa na kopo la maziwa lililojaa themostati alizozing'oa, na watoto wake walizichezea kama sarafu. "Nchi ya joto hii," mzee alizoea kuwaambia wateja, "ya nini?" Kijana aliporudi likizo kutoka chuo cha ufundi, alimweleza mbele za watu kwamba anakosea. Mzee hakujibu, alimpa ndoo akachote maji.

Kwa kanuni za injini, kijana alikuwa na haki. Ndani ya themostati mna nta inayoyeyuka katika nyuzi 82 hivi za Selsiasi. Ikitanuka huishinda springi, na njia ya kwenda kwenye rejeta hufunguka. Haijali kama nje ni Dar es Salaam au Johannesburg. Injini isiyopata joto lake hula mafuta na kuichafua oili popote ilipo. Lakini kanuni hizo hazitaji ndoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri vilipoadimika Tanzania, magari mengi yalijazwa maji matupu, na kutu pamoja na chokaa, kama ile ya ndani ya birika, viliweza kuikwamisha themostati ikiwa imefumba. Gari likachemsha njiani. Lisipokuwa nayo, lilifika. Hoja ya nchi ya joto, pengine, ilikuwa maneno ya kumtuliza mteja tu.

Themostati mpya aliijaribu kwanza jikoni, katika sufuria. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko katika nyuzi 94 hivi, yalitosha kuifumbua. Akaipachika, springi ikielekea ndani ya injini, akaweka gasketi mpya, akajaza maji yenye dawa ya rejeta, akawasha injini na kuushika mpira wa juu. Ulibaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha, ghafla, ukapata moto.

Jioni alipiga simu nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari limepona?"

"Limepona. Halikuwa na themostati. Mtu aliitoa."

Mzee alikaa kimya kidogo. "Labda hakuwa na nyingine ya kuweka."

"Labda, baba."

"Na hita?"

"Inafanya kazi sasa."

"Basi vizuri," alisema mzee. "Huko kwenu baridi."