Kukingoja Kifafa

Katika mji wetu wa Chake Chake, mtu akianguka kifafa wako wanaomkimbia kwa kuliogopa povu lake, na wako wanaokimbilia kumtia kijiko kinywani. Mimi nalikuwa katika hao wa pili. Mpwa wangu alipoanguka mara ya kwanza, naye ana umri wa miaka saba, nilimvunja jino kwa kijiko kwa pupa yangu ya kumwokoa. Laiti ningalijua siku ile kuwa povu haliambukizi, na kuwa yatosha kumlaza ubavu, kumwekea kitu laini chini ya kichwa na kungoja kipite!

Tulianza kwa waganga, tukaambiwa ni shetani wa ukoo. Mbuzi wawili wakachinjwa. Ilhali Ibnu Sina, yapata miaka elfu iliyopita, aliyaandika maradhi haya katika Qanuni yake kuwa ni ya ubongo. Hata tulipokwenda hospitali akapewa fenobabito. Wagonjwa kadiri ya 70 katika kila 100 hutulia wakinywa dawa zinazowafaa bila ya kukatiza. Yeye hakuwa katika hao.

Dada yangu akahamia London na mumewe na mtoto. Madaktari wa huko walipoona dawa moja baada ya nyingine zimeshindwa, walitaja kupasua na kuondoa pale kifafa kinapoanzia. Lakini ni wapi? Picha ya sumaku haikuonyesha kovu. Basi wakataka kuupiga picha ubongo wenyewe katika saa ya kifafa.

Alilazwa, dawa zake zikapunguzwa makusudi, waya za kupimia umeme wa ubongo zikabandikwa kichwani, na muuguzi akakaa karibu na sindano tayari. Dada yangu akanipigia simu. "Kaka," akasema, "miaka kumi na miwili namwomba Mungu kisije, na leo nimekaa kitako nakingoja kije."

Kilikuja usiku wa nne, kabla ya Alfajiri. Sindano ile ina teknetiamu, yenye mnururisho kidogo. Kifafa kinapoanza, damu hukimbilia kwa wingi pale kilipozuka, na dawa hufuata damu. Hunasa ubongoni kwa dakika moja au mbili, kisha haihami. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha baadaye, ametulia, na picha ikaonyesha hali ya saa ile iliyopita. Wakailinganisha na picha ya siku ya salama. Palipong'aa ni upande wa kushoto, nyuma ya paji, usawa wa sikio.

Jirani yangu mmoja alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia kuwa Mbale, nchini Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, wagonjwa wa kifafa wamepasuliwa, na taarifa yake ilitangazwa mwaka 2009. Wao walitegemea umeme wa ubongo na picha za eksirei za kompyuta, basi.

Ama khofu yetu ni nyingine. Upande ule wa kushoto, kwa watu wengi, ndio unaohifadhi maneno, na kuukata huweza kupunguza kumbukumbu. Mpwa wangu amekwisha hifadhi juzuu kumi na nne. "Mjomba," aliniuliza, "wakinikata na Kurani yangu ikaondoka, je?"

Nilimkumbusha yule mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) kushitaki kifafa chake. Mtume alimpa khiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka. Naye Mtume ndiye aliyetuamrisha kujitibu. Sikumchagulia mtoto. Ana miaka kumi na tisa. Kichwa ni chake.

Ameomba kwanza apimwe kumbukumbu, na siku imewekwa baada ya Idi. Kila usiku baada ya Isha hunisomea juzuu moja katika simu, nami nimefungua Msahafu, naandika kila anapokosea, ili tujue alivyokuwa kabla.