Okidi haichaguliwi kwa macho tu

Kuna watu hapa mjini ambao ukiwatajia ua wao wanafikiria asumini ya kikuba, au yale ya plastiki yanayouzwa Kariakoo kwa dazani, basi. Lakini siku hizi ukialikwa kwenye harusi za wenye nazo, tazama pale mbele wanapokaa maharusi. Utaona chungu chenye ua lililoinama kwa madaha, vikonyo vimepangana, petali zake kama vipepeo vilivyotua kupumzika. Hilo ndilo okidi. Bei ya chungu kimoja inanunua mchele kilo kumi na chenji ya mafuta inabaki.

Mimi ua hilo lilinifikia kwa njia ya Shangazi. Huyu mama anakaa Mwananyamala na kazi yake ni mapambo: harusi, kipaimara, na Mungu apishe mbali, misiba. Mwaka huu kamati moja ya harusi ikamletea picha kwenye simu, ikamwambia bila kumung'unya maneno kwamba wanataka okidi, na za kwenye chungu, siyo za kukatwa. Shangazi akapiga hesabu yake. Ukinunua ua la kukatwa, kesho ni takataka. Ukinunua la kwenye chungu, unalikodisha Jumamosi, Jumapili linarudi nyumbani, Jumamosi nyingine linatoka tena. Akaenda kwenye VICOBA yao akakopa, akanihesabia shilingi 450,000 za maua na nauli pembeni, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma mpaka kidato cha nne, nenda Arusha kanichagulie. Hela hii ni ya watu."

Hela ya watu! Nyie mnaocheza VICOBA mnajua maana yake. Ukishindwa kurudisha, mama wa watu anakuja kufuatwa mpaka mlangoni, tena na wanawake wenzake anaokutana nao bombani kila siku.

Basi bwana, saa 12 asubuhi nikapanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Tukala mwendo, Segera, Korogwe, Mombo, milima ya Usambara ikawa inatusindikiza mkono wa kulia, imevaa ukungu kama bibi harusi. Gari liliposimama abiria wapate kula, akaja kijana mmoja na kiroba mgongoni. Akanifungulia nichungulie. Ndani mna mimea imebanduliwa na magome ya mti, mizizi inaning'inia, mingine ina maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. "Okidi za msituni hizi dada, buku tano tu. Mjini utauza hamsini."

Nilimtazama yule kijana, kandambili zake zimeliwa upande mmoja, nikajua si jambazi, ni mtafutaji tu kama mimi. Lakini moyo wangu ulisita. Kitu kinachouzwa mjini kwa hamsini huwezi kupewa buku tano bila sababu. Nikamshukuru, nikanunua mahindi ya kuchemsha nikarudi kwenye kiti.

Nilishuka kabla ya kufika Arusha mjini, upande ule wa Usa River, ambako hewa ukiitia puani unajua kabisa umeiacha Dar. Mlima Meru umekaa pale juu na mita zake zaidi ya 4,500, chini yake migomba na kahawa. Bodaboda akanipeleka mpaka kwenye kitalu nilichoelekezwa. Nilitegemea kuona bustani kubwa ya kizungu, nikakuta nyumba ya kawaida, na nyuma yake vibanda viwili vilivyoezekwa nyavu nyeusi. Mwenyewe ni mama wa makamo, ana gamba la udongo kwenye magoti na miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kupiga picha?"

Maana wengi, aliniambia baadaye, wanakuja kupiga picha tu.

Ndani ya kibanda, we acha tu! Unatembea katikati ya maua ya kila rangi, mengine yananukia, mengine yana sura za wadudu. Mama akanieleza kwamba duniani kuna aina zaidi ya 25,000 za okidi za asili, na chotara zilizozalishwa na binadamu ni zaidi ya laki moja. Vanila ile inayotiwa kwenye aiskrimu na kulimwa Kagera, nayo ni okidi. Sikuamini. Akacheka, akasema hata vanila ilikuwa inakataa kuzaa nje ya kwao Mexico, mpaka mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, akagundua namna ya kulipandisha ua kwa kijiti na kidole. Mpaka leo wakulima wa vanila wanafanya vile vile, ua kwa ua.

Nikamuuliza la asili na chotara lina tofauti gani, akanionesha mawili. La kwanza lilikuwa jeupe kama nyota, nyuma yake limening'iniza mrija mrefu karibu futi moja. Asili yake Madagaska, jina lake Angraecum sesquipedale. Darwin, yule mwanasayansi wa Uingereza, aliliona mwaka 1862 akasema lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu ule, maana asali iko chini kabisa ya mrija. Watu wakamcheka. Mwaka 1903 nondo mwenyewe akatambuliwa, naye Darwin alikwishakufa. Hilo ndilo la asili: limejitengeneza na mdudu wake, msituni kwake, na usiku ndipo linaponukia.

La pili ni chotara, mtu amechukua chavua ya huyu akampaka yule. Akanitolea mfano wa Singapore. Ua lao la taifa tangu mwaka 1981 ni okidi chotara iitwayo Vanda Miss Joaquim, iliyotokana na bustani ya mama mmoja, Agnes Joaquim, mwaka 1893. "Chotara," alisema mama, "ni kama mtoto wa mjini. Anavumilia. La asili linataka uijue kwanza nyumba ya mama yake."

Hapo nikamweleza habari ya yule kijana na kiroba chake. Mama alivua miwani.

"Ya manjano yenye madoa? Hiyo ni Ansellia. Wazungu wanaiita okidi ya chui. Ukiibandua kwenye mti mizizi inakatika, inaozea mikononi mwako ndani ya miezi michache. Huyo mtoto anauza maiti, na yeye mwenyewe hajui."

Akaniuliza kama najua mbegu ya okidi ikoje. Ni vumbi, alisema, tumba moja lina maelfu kwa maelfu, lakini mbegu yenyewe haina chakula ndani kama punje ya hindi. Porini haioti mpaka ikutane na ukungu fulani wa kuilisha. Ndiyo maana watu waliteseka miaka mingi, mpaka mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alipofaulu kuziotesha ndani ya chupa juu ya kitu kama jeli chenye sukari. Na kutoka chupani mpaka ua la kwanza ni miaka, nyingine miwili mitatu, nyingine zaidi ya mitano. Kwa hiyo ile bei mnayolalamikia ni ya kulea mtoto, na ya kiroba ni ya wizi msituni.

Tena kuna sheria. Okidi zote duniani ziko kwenye mkataba wa CITES wa mwaka 1973, huruhusiwi kuzivusha mpaka wa nchi bila kibali. Na hasara yake tunaiona hapa hapa kwetu: kule Kitulo, nyanda zinazoitwa Bustani ya Mungu, watu wamechimba viazi vya okidi kwa magunia kupeleka Zambia kutengenezea chikanda, kile chakula kinachopikwa na karanga. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa, na kati ya vinavyolindwa pale ni aina 45 za okidi za ardhini.

Sasa nikatoa simu, nikamwonesha ile picha ya kamati. Mama akaitazama, akanipeleka kona ya kibanda cha pili. Kweli, ndizo! Majani marefu kama upanga, maua mazito yamejaa kikonyo kizima. Nikashika mfuko.

"Hizi sikuuzii," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakutania. Zile zinaitwa Cymbidium, na wazee wake ni wa milimani huko Asia. Bila usiku wa baridi hazitoi kikonyo. "Hapa kwangu zinatoa. Dar utapata majani miaka kumi. Nikikuuzia nitakuwa nimekuibia, na shangazi yako ndiye atakayelipa."

Ikabidi nipige simu Mwananyamala. Shangazi akawaka, "Kamati inataka zile! Nimeshawaahidi! Wewe mwambie akupe, mengine tutajua mbele." Nikampa mama simu waongee watu wazima. Nilisimama pale nasikiliza upande mmoja tu wa mazungumzo. Mama hakupandisha sauti. Alimwuliza Shangazi swali moja: "Dada yangu, unataka kufurahisha harusi moja, au unataka kulipa mkopo?" Kule upande wa pili kukawa kimya. Kisha simu ikarudi kwangu, na Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Msikilize huyo mama."

Tukaanza kuchagua. Na hapa, msomaji, chukua kalamu.

Kwanza, usichague ua, chagua mizizi. Inua chungu, tazama. Mizizi mizima ni migumu, ikiwa mikavu ni meupe kama fedha, ikiloa inageuka kijani. Ya kahawia inayobonyea kama tambi iliyolala, acha hapo hapo. Pili, geuza jani uone chini. Ukikuta vitu vyeupe kama pamba au magamba yaliyoganda, hao ni wadudu, utawapeleka nyumbani kwa miche yote. Tatu, chukua yenye vikonyo ambavyo nusu bado ni matumba. Iliyochanua yote imeshakula sehemu ya siku zake. Nne, soma kibao cha jina. Mche usio na jina hujui unataka baridi au joto.

Kwa Dar mama alinipa aina tatu. Phalaenopsis, jina lenye maana ya kufanana na nondo, ndiyo ile ya vipepeo. Inakaa na maua miezi miwili hata mitatu, haitaki jua kali, na miezi ya kipupwe, kuanzia Juni, ndiyo inayoiamsha kutoa kikonyo kipya. Dendrobium chotara, za ukoo wa zile ambazo Thailand wanazikata na kuuza dunia nzima, zinapenda joto na mwanga. Na Vanda, hiyo haina haja ya udongo, inaning'inizwa na mizizi yake hewani, unainyunyizia maji kila asubuhi. Unyevu wa Pwani ndio uhai wake.

Udongo, alinionya, usiwekee hata moja. Hizi kwao zinakaa juu ya miti. Tumia vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, vitu ambavyo sisi watu wa Pwani tunavikanyaga. Na maji ni mpaka pakauke ndipo umwagilie tena. Wengi okidi zao hazifi kwa kiu, zinafa kwa kupendwa kupita kiasi.

Hesabu ikawa hivi: Phalaenopsis sita kwa 40,000 kila moja, Dendrobium tano kwa 25,000, Vanda moja kwa 70,000. Jumla 435,000. Mama akazifunga kwa magazeti, kila kikonyo na kijiti chake, akazipanga kwenye maboksi ya ndizi. Kondakta akanitoza 10,000 ya mzigo baada ya kuniomba 20,000. Nikarudi na 5,000 ya Shangazi mkononi.

Kamati ilipoletewa vyungu, mwenyekiti alikunja uso kidogo kwa kuwa si vile vya kwenye picha. Bibi harusi akaja, akagusa petali moja kwa ncha ya kidole, akasema hizi ndizo anazotaka. Maneno yakaisha. Sita zilikodishwa kwa 20,000 kila moja, 120,000 kwa usiku mmoja, na Jumapili asubuhi zote zilirudi Mwananyamala zikiwa na maua yake. Marejesho ya kwanza ya VICOBA Shangazi ameyapeleka mwenyewe kwa miguu, kifua mbele. Bado anadaiwa, lakini bombani anachota maji kwa amani.

Yule kijana wa kiroba namfikiria bado. Kama angekuwepo mtu wa kumfundisha kuotesha badala ya kubandua, ile milima ya kwao ingemlisha mpaka wajukuu. Kwa sasa anauza buku tano buku tano, na kila kiroba kinachoshuka, mti mmoja kule juu unabaki uchi.

Kwa hiyo ukipita barabara ile ukaitiwa okidi ya msituni, pita. Kusanya hela yako taratibu, uende kwa mtu anayelea, umwulize maswali mpaka achoke. Na ukimpata atakayekukatalia kukuuzia, huyo usimwache, ndiye muuzaji wako.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.