Ahadi ya Fundi ni Deni



Mwaka juzi tulimharibia dada mmoja harusi yake. Usiku wa kuamkia ndoa, gauni lake bado lilikuwa halina mikono. Tukasingizia umeme. Ukweli ni kwamba oda za Mfunguo Mosi tulizipokea zote, maana advansi tamu.

Binti wa jirani, anayeandika programu za kompyuta, alikuja kuchukua abaya yake akatukuta tunalaumiana. Akatuambia kazini kwao kitu kikiharibika hawaanzi na "nani kakosa?" Huuliza kwanza, "kazi imekwama wapi?" Akatutengenezea jedwali kwenye simu: jina, vipimo, siku ya kujaribu, siku ya kuchukua. Sasa magauni ya harusi ni manne kwa wiki. La tano twakataa.

Lakini simu haiombi radhi. Tulimwendea yule dada, tukamwambia kweli, tukamrudishia pesa zake. Alizipokea. Picha za harusi hakutuonyesha.

Bibi harusi, kabla hujatoa advansi, muulize fundi ana nguo ngapi wiki hiyo. Nasi mafundi, Allah atujaalie ukweli wa kujibu. Amin.