Motakaa ya Kuvuka Chalbi

Msafiri atokaye Nanyuki kwenda upande wa kaskazini huyateremka mashamba ya ngano, baridi ikamwacha, na kabla ya saa mbili kupita huwa amefika Isiolo. Mji huo tangu zamani huitwa lango la kaskazini. Hapo husimama malori ya ng'ombe na mbuzi, wenye maduka huuza turubali, kamba na madebe, na mafundi wa magari hufanya kazi tangu alfajiri hata usiku.

Siku hizi barabara ya kutoka Isiolo kwenda Marsabit na kuendelea hata Moyale imetiwa lami yote, na mtu aweza kuzimaliza kilometa kama 260 za kufika Marsabit kwa nusu siku. Hupita Archer's Post, akauona mlima Ololokwe ulivyosimama kama ukuta, kisha Laisamis na Logologo. Lakini atakaye kutoka Marsabit kwenda Ziwa Turkana kwa njia ya Maikona, Kalacha na North Horr huiacha lami nyuma yake. Mbele yake zimo kilometa nyingi za mawe meusi, mchanga, na uwanda wa chumvi uitwao Chalbi. Hapo ndipo motakaa hupimwa, na mwenyewe naye hupimwa.

Magari ya kazi hiyo si mageni katika nchi yetu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam mwaka 1948, na Toyota ikaanza kuunda gari la namna hiyo mwaka 1951. Magari ya zamani yalikuwa mepesi na magumu kukalia. Land Cruiser kubwa za miaka ya karibuni huchukua watu saba kwa raha, lakini uzito wake hupita kilo 2,000 kabla ya kupakiwa kitu chochote. Basi alitakaye gari hilo kwa safari ya kulala porini, swali lake la kwanza lisiwe ataongeza nini, bali atapunguza nini.

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Meru alijifunza jambo hilo katika gereji moja ya Isiolo. Alikuwa amenunua Land Cruiser kuukuu kwa sehemu ya fedha za kustaafu, akawaahidi mkewe na wajukuu wawili kwamba likizo ya Desemba watauona Ziwa Turkana. Wanawe walimwambia wazi kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kununulia ng'ombe wa maziwa. Yeye hakuwajibu. Alifika kwa fundi na gari limebeba juu ya keria hema la kukunjua paani, madebe sita ya maji na magurudumu mawili ya akiba.

Fundi, mzee wa makamo aliyeijua njia ile tangu enzi za barabara ya vumbi, alilizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Kisha akaomba daftari.

"Mwalimu," alisema, "wewe umefundisha hesabu. Niandikie uzito wa vitu vilivyo juu."

Mwalimu akaandika. Madebe sita ya lita 20 yalikuwa kilo 120. Magurudumu mawili, kilo 70. Hema, kilo 60. Jumla ikawa kilo 250, bila kuhesabu keria yenyewe. Watengenezaji wa magari ya namna hiyo aghalabu huruhusu kilo 100 hata 200 tu juu ya paa, pamoja na keria. Tena kiwango hicho ni cha njia nzuri. Penye makorongo, mzigo wa juu hulivuta gari upande, na gari lililoinama kidogo huweza kupinduka.

"Hema hili nimelilipia fedha nyingi, Mzee," alisema mwalimu.

"Liuze," fundi akajibu. "Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limekwisha kusema."

Hema likauzwa kwa hasara, na mahali pake pakanunuliwa hema la turubali la kusimamisha chini. Viti vya nyuma vikaondolewa. Mahali pake fundi akaunda sanduku la mbao lenye saraka mbili za vyombo na chakula, na nyuma ya viti vya kati, chini kabisa, akafunga tangi la maji la lita 60 lenye bomba la kufungulia. Madebe mawili tu yalibaki, nayo yakafungwa ndani kwa mikanda. Springi na shokamzoba zikabadilishwa, zikatiwa za kuhimili mzigo. Bomba la kuvutia hewa likapandishwa hata usawa wa paa, maana katika safari ya jangwani mavumbi huiharibu injini. Chini ya injini likafungwa bamba la chuma la kukinga mawe. Betri ya pili ikawekwa kwa ajili ya taa na friji ndogo, nayo ikatengwa na ile ya kuwashia gari, ili asubuhi moja wasije wakakuta chakula ni baridi na injini imekufa.

Jambo ambalo fundi alilikazia zaidi halikuwa la fedha nyingi. Alimfundisha mwalimu kupunguza upepo wa matairi kutoka ratili 35 hata 18 kwa kila inchi ya mraba anapoingia mchangani. Tairi lililolegea hulala chini, likaukanyaga mchanga kwa eneo kubwa, lisizame. Lakini gari sharti liende polepole, na likirudi penye njia ngumu, upepo urudishwe kwa pampu, kwa sababu tairi legevu likikimbizwa hupata moto likapasuka. Mwisho akampa ubao mnene wa mvule, urefu wake kama mkono.

"Wa nini?" mwalimu akauliza akicheka.

"Siku utakayoutaka, hutaniuliza."

Safari ya kwenda Marsabit ilikuwa njema. Wajukuu walisimuliwa habari za Ahmed, ndovu wa pembe ndefu wa msitu ule, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Siku ya pili walifika Kalacha, chemchemi yenye mikoma ukingoni mwa Chalbi, wakamchukua kijana wa Kigabra awe kiongozi wao.

Kesho yake asubuhi uwanda ulikuwa mweupe na mkavu machoni. Kijana akasema, "Mzee, tuzunguke ukingoni. Mvua imenyesha milima ya Huri, na maji yake hushukia huku."

Mwalimu alitazama njia za magari zilizopita katikati, akalitazama gari lake lilivyoandaliwa, akaona haja ya kuzunguka haipo. Chalbi ilikuwa ziwa maelfu ya miaka iliyopita, na mvua kubwa ikinyesha hutaka kuwa ziwa tena. Ganda la chumvi huonekana gumu, kumbe chini yake ni tope. Saa tatu asubuhi ganda likapasuka, na gari likazama hata ekseli.

Upepo wa matairi ukapunguzwa, lakini gari halikutoka. Jeki nayo ilipowekwa ilididimia topeni kana kwamba inajichimbia kaburi. Ndipo mwalimu alipoukumbuka ubao wa mvule. Jeki ikasimamishwa juu yake, gurudumu moja moja likainuliwa, na chini yake wakajaza mawe na matawi ambayo kijana na wajukuu waliyabeba kutoka ukingoni. Mkewe aliketi karibu na bomba la tangi, akapima maji kwa kikombe, wala hakumzidishia mtu, hata mumewe. Gari lilitoka saa kumi alasiri. Katika lita 100 walizoanza nazo, zilibaki 62.

Jioni walipiga hema ukingoni. Mwalimu alimwambia kijana mbele ya wajukuu, "Mwanangu, leo ulisema kweli nami sikusikia." Kijana akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukoka moto. Kesho yake walizunguka.

Waliliona ziwa siku iliyofuata kutoka juu ya mawe meusi, rangi yake kijani, upepo ukivuma kwa nguvu. Teleki na von Höhnel walifika hapo mwaka 1888, wakalipa jina la Rudolf, nalo likabadilishwa kuwa Turkana mwaka 1975. Loiyangalani ina chemchemi na mikoma, na upande wa kusini wake imesimama mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Wajukuu walikimbilia majini na nguo zao.

Waliporudi Isiolo, mwalimu alipita gerejini kurudisha ubao, ungali na tope jeupe la chumvi. Fundi aliutazama, akaelewa, akakataa kuupokea.

"Kaa nao," alisema. "Na huyo aliyekuongoza, je, ulimsikiliza?"

"Siku ya pili," mwalimu akajibu.

Motakaa iliyoandaliwa vema ni msaada mkubwa kwa msafiri. Hata hivyo springi na matairi havijui mvua ilinyesha wapi jana. Ajuaye ni mwenyeji, na ushauri wake hauna uzito wowote wa kuandikwa katika daftari.