Parafujo Katika Makao Yake

Nilizaliwa Unguja, katika mji ambao karne ya kumi na tisa ulipokea magobori kwa maelfu kutoka ng'ambo, yakapitia humo kwenda bara, hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuibana biashara hiyo. Na kwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, ujanani mwangu nilifika Birmingham, Uingereza, mji ambao silaha nyingi za namna ile zilikuwa zimetengenezwa. Mtaa wa mafundi wa bunduki, kandokando ya Steelhouse Lane, Loveday Street na Price Street, ulikuwa ungali na karakana zake nyembamba, na kila fundi alikuwa na fungu lake la kazi: huyu kasiba, yule mtambo, mwengine kitako. Mimi niliwekwa chini ya bwana mmoja mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuviunganisha vyote hivyo viwe bunduki moja, nami nikadumu katika kazi hiyo hadi uzeeni, nikiunda bunduki za kushindilia kwa ajili ya watu wanaoshindana kulenga shabaha kwa baruti nyeusi.

Katika sanaa hiyo yote, hakuna jambo nililolipa itibari kubwa kuliko parafujo ya kichwa cha pia, ile inayozama mpaka kichwa chake kikawa sawasawa na uso wa chuma. Kichwa hicho ni kipana juu na chembamba chini, na kinywa cha tundu lake hupanuliwa kwa pembe ileile, ili chuma kikutane na chuma kuzunguka pande zote. Pembe zikihitilafiana, au tundu likienda mshazari, kichwa hushika ukingo mmoja tu. Na iliyo kubwa kupita zote ni ile inayoshuka kutoka mkia wa kasiba, ikapenya shingo ya kitako na kuingia katika bamba la kifyatulio. Hiyo ikishika upande mmoja, huuvuta mkia kombo, kasiba isitulie katika kitanda chake, na baada ya mishindo mingi ya baruti mbao ya mjozi, ijapokuwa ngumu, huanza kupasuka nyuma ya mkia.

Bwana wangu alinifundisha kukipanua kinywa cha tundu kwa keekee ya mkono, yenye ncha ya kuongoza inayokaa ndani ya tundu lenyewe, tena polepole, kwani chuma kikatacho kwa haraka hutetemeka na kuacha mawimbi. Kwa kuwa mkia umepinda kuifuata shingo ya kitako, ilinibidi kulisimamisha tundu wima juu ya uso wa mahali pale hasa. Kisha nilikifukiza kichwa cha parafujo katika mwali wa taa mpaka kikashika masizi, nikakikaza, nikakifungua, na kutazama: weusi ulioganda upande mmoja wa tundu ulinionyesha pa kukwangua, na ulipotokea duara kamili nilijua kwamba parafujo imepata makao yake.

Hapo ndipo kazi ya macho ilipoanza, wala si kabla. Kichwa nilikuwa nimekiacha kirefu kupita kiasi, na juu yake mfuo wa bisibisi wa muda, usio na kina. Sasa niliikaza parafujo kwa nguvu ileile itakayokaa nayo siku zote, nikachora mstari sambamba na kasiba, nikaitoa na kuukata mfuo wa kudumu juu ya mstari huo kwa msumeno mwembamba na tupa laini. Nilipoirejesha, nilikipiga tupa kichwa pamoja na mkia hadi mpindo mmoja ukapita juu ya vyote viwili, na ukucha ukateleza bila kukwama.

Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza hesi za kipimo kimoja, na mwishoni mwa miaka ya 1850 kiwanda cha serikali cha Enfield kikaanza kutengeneza kwa mashine bunduki ambazo sehemu zake hubadilishana. Mimi nilikuwa nikinunua parafujo zenye hesi tayari, wala sikuona haya. Lakini makao ya kichwa yalibaki kuwa amana ya mkono, na kila parafujo niliitia alama ya tundu lake, kwa sababu haikufaa tundu jingine.

Wanagenzi niliowalea aghalabu walitamani kuanza na mfuo, maana ndio auonao mnunuzi. Niliwaambia kwamba mfuo ulionyooka na kasiba ni ushahidi kuwa parafujo imekazwa hadi mwisho wake. Na mtu akiilegeza robo mzunguko ili mfuo unyooke, ametoa ushahidi wa uongo juu ya kazi yake mwenyewe, na bunduki itamfedhehesha. Uzuri wa kazi yetu hufuata wajibu, na hauwezi kuutangulia.

Wasia wangu kwa watakaozirithi bunduki hizo ni huu: msizifungue kwa bisibisi yoyote iliyo karibu, bali chongeni ulimi wake ujae mfuo kwa upana na kwa unene, kwani ulimi mwembamba hula midomo ya mfuo, na mkishafungua, rudisheni kila parafujo katika tundu lenye alama yake.