Mtetemo Uliohama Kutoka Mgongoni Hadi Miguuni

Nilipokuwa nakua kijijini Migato, mtu mwenye kifua alikalishwa. Mama mkubwa aliyenilea alipikia miaka yote kwenye kibanda kisicho na dirisha, na kwa kuwa miti ni haba kwetu, kuni zake zilikuwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Akichemsha michembe ya viazi, macho yalikuwasha kabla hujafika mlangoni. Kikohozi cha asubuhi kilitangulia, akaja kuhema akitoka kisimani, na mwishowe akawa hanyanyuki kwenye kigoda bila kushika ukuta. Watu wakampokonya ndoo, wakampokonya jembe. "Mayu (mama), tulia tu," walimwambia, na hospitalini nako aliambiwa apumzike. Ndivyo wagonjwa wa kifua walivyoheshimiwa.

Nikaenda kusomea fiziotherapia katika hospitali ya KCMC, Moshi. Huko tiba ya kifua ilikuwa mikononi mwetu: unamlaza mgonjwa kwa ubavu, unampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa, na anapotoa pumzi unazitetemesha mbavu zake ili makohozi yalegee. Kwa mwenye makohozi mengi hilo lilisaidia. Lakini wengi hawakusumbuliwa na makohozi peke yake. Njia za hewa zilizosinyaa huacha hewa imenaswa kifuani. Mtu anaogopa kuhema, anakaa. Akikaa mapaja yananyauka. Na misuli iliyonyauka hudai pumzi nyingi zaidi kwa kazi ileile. Yule aliyeketishwa kwa upendo alikuwa anadhoofishwa miguu.

Ushahidi wa karibu nasi kwamba mazoezi husaidia ulitoka hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalihusu watu 34 waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu yaliyoharibika. Walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, na 29 wakamaliza. Walitembea mbali zaidi kuliko walipoanza. Kwangu habari hiyo ilikuwa kubwa, maana wale walikuwa watu wa hali kama zetu.

Mtetemo nao ulikuwa umeshahamia miguuni. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walichapisha utafiti wa wagonjwa 82 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliokwisha kuwa mkali. Wote walikuwa kwenye mazoezi ya kawaida kwa wiki 3, na wote walichuchumaa na kuinuka. Nusu walifanya hivyo sakafuni, nusu juu ya jukwaa la umeme linalopanda upande huu na kushuka upande ule mara 24 hadi 26 kwa sekunde. Misuli inayotikiswa hivyo hujikaza yenyewe, bila mgonjwa kujilazimisha zaidi. Kwenye kipimo cha kutembea dakika 6, wa jukwaani waliongeza mita 64 hivi, wa sakafuni 37.

Tofauti ya mita 27 si ndogo. Madaktari huhesabu mita 30 hivi kuwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi. Ila jicho langu lilibaki kwenye zile 37. Zilipatikana bila jukwaa hilo!

Kwa hiyo Mama mkubwa tulimwekea kiti kigumu kivulini. Anainuka bila kutumia mikono, anaketi polepole, anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, anarudia. Kisha anatembea hadi kwa jirani, kila wiki mbele kidogo. Mapafu hayakupona na hayatapona. Lakini kisimani ameanza kwenda tena, kwa kidumu kidogo, na ukuta haushiki.

Jukwaa la mtetemo likifika Bariadi, mkoani kwetu, nitalipokea kwa mikono miwili, hasa kwa wale wanaoishiwa pumzi kabla mapaja hayajachoka. Kabla ya hapo, wilaya zetu ziajiri wanafiziotherapia na zifungue vikundi vya mazoezi ya wagonjwa wa mapafu. Na wewe mwenye mzazi anayehema, mpeleke akapimwe, dawa zake asiache, kisha muulize mtaalamu aanze mazoezi gani. Usimkalishe.