Injini ya Mashine ya Kusaga

Mtu akisha kumaliza kazi yake ya mchana, si vibaya akawa na mchezo wake wa usiku. Wako wachezao bao, wako wafugao njiwa, na wako ambao mchezo wao ni kusimulia michezo ya wengine. Wangu mimi ni kuchora injini kuukuu kwa kompyuta. Naomba msomaji asidhani kuwa nasema picha ya kutundikwa ukutani. Kila kipande hupimwa, kikaundwa peke yake kwa urefu, upana na kimo chake, kisha kikaungwa na mwenzake mahali panapostahili, hata mwisho mashine nzima husimama katika kioo, na mwenye kuiunda huweza kuigeuza, kuipasua katikati kama papai, na kuona pistoni ikipanda na kushuka bila ya tone moja la mafuta. Programu nitumiayo ni FreeCAD, ambayo hutolewa bure kwa kila mtu. Gharama yake ni usingizi. Walimu wenzangu huniuliza kwa nini sichori nyumba, ambazo watu wangenilipa. Sijapata bado jibu la kuwaridhisha.

Nilianza kwa motokaa, kama waanzavyo wengi. Land Rover ya kwanza, ile iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ni darasa jema la mwanafunzi: mabati yake ni ya aluminiamu, pande zake nyingi zimenyooka kama za sanduku, na kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni inchi 80 kamili. Vipimo vyake vimeandikwa kila mahali. Nilipoimaliza nilifurahi kwa siku tatu. Siku ya nne niliona kwamba gari langu halikuwa na tofauti yoyote na magari yaliyochorwa na watu wa nchi nyingine ambao, kama mimi, walitoa vipimo katika vitabu vilevile. Nilikuwa nimenakili kwa hati njema maneno ya mtu mwingine.

Wakati huohuo, mwendo wa dakika tano kutoka nyumbani kwangu hapa Rungwe Mpya, katika Wilaya ya Kasulu, ilikuwapo injini ambayo nilikuwa nikiisikia kila siku pasipo kuitazama. Ilikuwa ya mashine ya kusaga. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma unga ni wa mahindi au wa muhogo, na wetu wote ulipita kwake. Sauti yake ilifika mbali, pigo mojamoja, zito, lenye pumzi katikati. Na kina mama waliokuwa njiani na mizigo yao walijua kwa kuisikiliza kama kinu kilikuwa na kazi au kilikuwa kitupu, wakakaza mwendo au wakapumzika kivulini.

Ilikuwa ya aina ya Lister CS, ambayo kampuni ya R. A. Lister ya Dursley, Uingereza, ilianza kuitoa mwaka 1929 hivi na kuendelea hata 1987. Ina silinda moja tu, iliyosimama wima, kipenyo chake inchi nne na nusu, na pistoni husafiri ndani yake inchi tano na nusu. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika, mwendo ambao injini ya gari la leo huuona kuwa ni wa kusinzia. Kwa kuwa katika safari nne za pistoni ni moja tu itoayo nguvu, tatu zilizobaki huendeshwa kwa deni. Na mkopeshaji ni magurudumu mawili mazito ya chuma, moja kila upande, ambayo mafundi huyaita flaiwili. Huwashwa kwa mkono. Mwashaji huishikilia valvu ya moshi iwe wazi, huzungusha hendeli mpaka magurudumu yashike mbio, kisha huiachia valvu ifunge. Hapo hewa hubanwa, hupata moto, na dizeli ikinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe bila ya cheche. Kichwani pana gurudumu dogo la kubadili mbano wa hewa: hufungwa wakati wa kuwasha, hufunguliwa kazi iwapo nzito. Maji ya kuipoza hayahitaji pampu. Yakipata moto hupanda yenyewe kwenda pipani, na ya baridi hushuka kushika mahali pake. Nasema haya kwa kirefu kwa sababu naamini kuwa mashine hii iliwazwa na watu waliomhurumia fundi atakayekuja kuitengeneza.

Injini za namna hii ziliigwa sana nchini India, hasa katika mji wa Rajkot, na nyingi za huko zikaletwa Afrika. Hii yetu kibati chake cha jina kilikuwa kimeng'oka zamani. Nakiri kuwa nilitamani iwe mzaliwa wa Dursley. Niliisugua kwa brashi na mafuta ya taa nikitafuta alama, nisipate kitu, na mwenyewe aliponiuliza natafuta nini niliona haya kumwambia.

Mwaka 2022 Mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya taifa. Ni jambo jema, wala sitaki msomaji anihesabu miongoni mwa wale wakaao mbali wakasikitika wenzao wapatapo umeme. Mota haitaki hendeli, haitaki dumu la dizeli, wala haijazi kibanda moshi. Mzee mwenye mashine naye hatimaye alifunga mota, akaitoa injini nyuma ya kibanda, ikakaa pale chini ya mwembe na kuku wakaitagia, mpaka akapita mnunuzi wa chuma chakavu akaikadiria kwa kilo. Mzee alikubali bei.

“Lori lake litarudi baada ya wiki mbili,” aliniambia. “Kama unataka kuipima, mwalimu, ipime upesi.”

Nilikwenda kila jioni na kalipa, rula ya chuma na daftari. Mzee alinifungulia kichwa cha silinda. Silinda ambayo katika kitabu ni milimita 114.3 niliikuta huko juu, pale pete za pistoni zigeukiapo, imezidi kwa karibu nusu milimita. Tena haikuwa duara, bali ililika zaidi upande ambao pistoni huusukuma. Niliviandika vipimo hivi kama nilivyoviona. Kisha nilipokaa mbele ya kompyuta nikachora 114.3. Ndivyo nilivyofanya kila mahali. Palipolika nilipajaza, palipopinda nilipanyoosha, na pale boliti isiyofanana na wenzake ilipoingia niliirudisha ile ya kitabuni. Nilijiona natoa heshima, kama mpiga picha wa arusi afutaye makunyanzi ya bibi wa bwana arusi.

Siku ya tisa nilimpelekea mzee kompyuta akaone. Alitazama muda mrefu, injini ikizunguka mbele yake safi kama yai.

“Nzuri,” alisema. “Ya nani?”

“Ni yako, mzee wangu.”

“Yangu? Yangu ina kabari ya springi ya lori.”

Akanieleza. Kabari iliyoshika flaiwili ya kushoto katika mhimili wake ilikatika wakati wa mavuno, na duka lenye kuuza nyingine lilikuwa mbali. Akatafuta kipande cha springi ya lori lililokufa, akakipiga tupa siku mbili mpaka kikaingia, ilhali ndoo za watu zimepanga foleni mlangoni. Springi ya gavana, kile kifaa kizuiacho injini isizidi mwendo wake, aliitoa katika tandiko la baiskeli. Mahali maji yanapoingia alikata mpira wa ndani wa gurudumu ukawa kizibo cha kuzuia mvujo. Tundu moja la boliti lilichakaa, akalitanua, akatia boliti nene zaidi. Alivitaja mmoja mmoja akivigusa kwa kidole katika kioo, mahali ambapo havikuwapo.

“Hii uliyochora ni ile niliyotoka nayo dukani,” alisema, wala si kwa hasira. “Hiyo mimi niliijua wiki moja tu.”

Usiku ule niliikumbuka meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa reli mpaka Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini zake mafuta mazito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Katika miaka ya 1970 injini zile za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Mtu atakaye leo kuzichora zile za mvuke, achore zipi? Karatasi za kiwandani zitampa injini za Papenburg. Zile zilizolala chini ya Ziwa Tanganyika kwa miaka, kisha zikaamka na kubeba watu nusu karne nyingine, karatasi za kiwandani hazikupata kuzijua.

Nilianza upya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kwanza, maana programu hupenda duara na mstari ulionyooka, na kwa kila kilichopinda hudai kuelezwa kimepinda kiasi gani na kutoka wapi. Kuunda kabari ile moja, yenye alama za tupa zisizolingana, kulinichukua muda mrefu kuliko flaiwili yenyewe. Tena muda haukutosha. Lori lilikuja siku moja kabla ya ahadi, nami nikiwa darasani. Nilipofika nilikuta alama mbili za magurudumu katika vumbi, na mzee ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Alikuwa ameing'oa kabari kwa nyundo kabla hawajaipakia injini, akanikabidhi ikiwa imefungwa katika kitambaa. Meno na mhimili wa kuzifungulia valvu sikuwahi kuvifikia. Katika mchoro wangu mahali pake pako wazi, wala sikupajaza kwa kitabu.

Juzi mzee alinitembelea. Nilikuwa nimeitia injini mlio mdogo, pigo moja kwa kila mwako, na nimeiweka katika mwendo wake wa mizunguko 650. Alikunywa chai, akasikiliza.

“Ina haraka,” alisema. “Punguza.”

Nikapunguza hata 600. Akatikisa kichwa. Nikaendelea kupunguza kidogokidogo, naye amefumba macho, kikombe kimesimama hewani.

“Hapo.”

Nilitazama hesabu. Ilikuwa 540.